Kutoka Kwenye Kadi ya Baba

Kwetu Ndanda mtu hawi mkubwa mara moja. Anakuwa mkubwa kwa mafungu, kama deni la dukani linavyolipwa kidogo kidogo.

Fungu la kwanza ni jando na unyago. Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera wa ukanda huu kila mmoja ana namna yake, na mila hii ina nguvu kiasi kwamba hata wamisionari ilibidi wakae nayo chini wazungumze. Askofu Vincent Lucas wa Waanglikana kule Masasi hakuipiga marufuku. Aliitafutia sala, akaifanya jando la Kikristo, na wanahistoria wa dini wanambishania mpaka leo. Mimi nadhani aliona jambo moja tu: ukimnyima kijana wa huku jando, umemwondolea mlango wa kuingilia utu uzima, naye atabaki barazani.

Fungu la pili ni mikorosho. Siku unapogawiwa miti yako, ukaipalilia mwenyewe, ukaipulizia salfa mwenyewe, na jina lako likaandikwa kwenye chama cha msingi, hapo hata wazee wanaanza kukuuliza maoni yako kwenye kikao.

Fungu la tatu halina ngoma wala mchele wa sherehe. Linatokea ndani ya kompyuta. Unatimiza miaka 21, na jina lako linafutika kwenye bima ya afya ya mzazi wako. Hakuna kungwi wa kukueleza maana yake wala wimbo. Utajua siku utakayougua.

Hilo fungu la tatu ndilo ninalotaka kuliandika, maana sijaona wengi wakiliandika. Tunazo hadithi za kutosha za vijana wanaotoka nyumbani kwenda mjini, wanaotoka ukapera kwenda ndoani, wanaotoka kijijini kwenda Dar na kupotea. Wanaotoka kwenye kadi ya baba hawana hadithi. Wana bili tu.

*

Baba yetu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Kila mwezi alikatwa asilimia 3 ya mshahara wake kwa ajili ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, na mwajiri wake, yaani serikali, akaongeza 3 nyingine. Kwa asilimia hizo 6 alipata kadi yake, ya mama, na za wategemezi wanne.

Wanne. Hapo ndipo familia inapoanza kupiga hesabu. Sisi watoto tulikuwa wanne kamili, na bibi mzaa baba alikuwa anaishi nasi, presha inapanda na kushuka kama lifti ya hoteli. Mfuko unaruhusu kumwandikisha mzazi, lakini nafasi ni nne, na zilikuwa zimejaa. Kwa hiyo kwa miaka kadhaa bibi alikuwa akienda hospitali kwa fedha taslimu huku sisi wajukuu zake, wazima kama ng'ombe wa maonyesho, tukiwa na kadi mfukoni.

Mimi ndiye mtoto wa kwanza. Wakati wangu mpaka ulikuwa miaka 18, baadaye ndipo ulisogezwa hadi 21. Nilipotoka mimi, bibi aliingia. Sikuhuzunika. Nakumbuka baba akiileta kadi mpya na kumkabidhi bibi kwa mikono miwili, na bibi akaitazama picha yake na kuuliza kwa nini wamempiga akiwa amenuna. Ndani ya familia yetu kutoka kwenye kadi kulikuwa na heshima yake. Unampisha mtu.

Kisha chuo kikanipokea, na bima ya wanafunzi ikawa shilingi 50,400 kwa mwaka, inalipwa pamoja na ada, hata huioni ikipita. Ukimaliza chuo, nayo inamaliza. Baada ya hapo nikaingia kwenye uandishi wa habari, na wanaoijua kazi hii wanajua wengi wetu tunalipwa kwa habari iliyotoka, si kwa mwezi. Hakuna mkataba, kwa hiyo hakuna asilimia 3 ya kukatwa wala mwajiri wa kuongeza 3 nyingine. Nimeandika habari za uzinduzi wa zahanati nyingi ambazo mimi mwenyewe ningeingia kwa kulipia dirishani.

*

Hospitali si kitu kigeni kwetu. Wamisionari Wabenediktini walifika Ndanda mwaka 1906, na leo ukisema Ndanda, mtu wa Kusini anaelewa mambo matatu: shule, abasia na Hospitali ya Mtakatifu Benedikto. Wazee bado wanamtaja Sista Thecla Stinnesbeck, mtawa aliyekuwa daktari hapa. Upande wa Waanglikana, mwaka 1935 alikuja daktari Mwingereza kijana, Leader Stirling, akaanzia Lulindi, akafanya upasuaji mahali ambapo hapakuwa na umeme. Alibaki nchini maisha yake yote, akawa raia, na kati ya 1975 na 1980 akawa Waziri wa Afya wa Tanzania. Ameacha vitabu kuhusu maisha hayo. Anayependa kumbukumbu za madaktari avitafute.

Waziri Stirling alisimamia wizara katika miaka ambayo matibabu ya serikali yalikuwa bure. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, kumtoza mwananchi fedha dirishani lilikuwa jambo la aibu. Aibu hiyo iliisha rasmi mwaka 1993, uchumi ulipobana na kuchangia gharama kukaanza. Miaka michache baadaye mfuko wa afya ya jamii, CHF, ulijaribiwa wilaya ya Igunga. Mwaka 1999 Bunge likatunga sheria ya NHIF, na mwaka 2001 mfuko ukaanza kazi na watumishi wa umma.

Rais wa wakati huo alikuwa Benjamin Mkapa, mtoto wa Lupaso, Masasi, aliyesoma hapahapa Ndanda. Kijiweni watu wakilalamikia bima, hakosi mmoja wa kusema, "Lakini si alileta ndugu yetu?" Ni kweli, na ilikuwa hatua. Lakini iliwaangalia kwanza wenye mshahara, maana mshahara unakatika. Korosho inakatika pia, ila mara moja kwa mwaka.

*

Mwaka juzi mambo mawili yalitokea nyumbani ndani ya miezi michache. Kitinda mimba wetu alitimiza miaka 21, na baba alitimiza 60 akastaafu.

Wengi hawajui hili la kustaafu, kwa hiyo nilieleze polepole. Mstaafu wa NHIF anaendelea kutibiwa yeye na mwenza wake. Ni jambo jema na baba analishukuru. Lakini ni yeye na mwenza wake tu. Wategemezi wengine wanatoka, hata kama umri wao haujafika. Kwa hiyo hata kama mdogo wangu angekuwa na miaka 19, angetoka. Na bibi, aliyengoja miaka yote ile kuingia, akatoka naye. Mtu wa miaka 21 na mtu wa miaka themanini na kitu walitoka mlango mmoja.

Mdogo wangu anaendesha bodaboda ya mkataba. Kila siku anapeleka hesabu kwa tajiri, akimaliza mwaka na miezi kadhaa pikipiki inakuwa yake. Kijiwe chake kiko barabarani, anapeleka watu Mwena, Chikundi, na msimu wa korosho anapanda nao mpaka uwandani, Newala. Februari, mvua ikiwa imenyesha siku tatu, alikuwa anashuka mlima kutoka Newala peke yake. Mbuzi akakatiza. Mbuzi alinusurika, mguu wa kulia wa mdogo wangu haukunusurika. Mfupa wa chini ya goti ulivunjika mara mbili.

Kwenye hospitali moja waliyomfikisha, walisema afungwe antena, kile chuma cha nje kinachoshika mfupa. Tukaulizwa malipo yatakuwa ya bima au taslimu. Mama alijibu haraka, "Bima," kwa mazoea ya miaka ishirini. Mhudumu akaingiza namba, akasubiri, akageuza kompyuta kidogo ili mama aone mwenyewe. Hakuwa na ukali. Akasema, "Mama, huyu hayupo."

Nimeshaandika habari za ajali, za mahakama, hata za msiba wa kitaifa, lakini sijasikia sentensi fupi yenye uzito kama hiyo. Mtoto yuko pale kwenye kitanda cha magurudumu, analia, na mama yake anaambiwa hayupo.

*

Basi tukafanya kinachofanywa na kila familia. Kundi la WhatsApp likafunguliwa, mhasibu akachaguliwa, majina yakaanza kuorodheshwa na alama ya tiki pembeni. Shangazi wa Lindi akatuma. Dada anayefuata baada yangu akatuma. Wenzake wa kijiweni wakachanga, elfu mbilimbili, na walikuja wenyewe kuzikabidhi mkononi kwa mama, jambo ambalo sitalisahau.

Halafu mjomba akaja.

Kwa asiyejua ukanda huu, lazima nimweleze mjomba ni nani. Makabila ya huku kwa asili yanafuata ukoo wa mama. Baba anakuzaa, lakini kwa mila mwenye neno juu yako ni kaka wa mama yako. Ndiye anayekupeleka jandoni, ndiye anayesimama kwenye posa, ndiye anayeitwa ukifanya fujo. Na ukivunjika mguu, ndiye anayetazamwa. Mjomba wetu alishuka kwenye basi akiwa na bahasha ya kaki, akaitoa bila kuhesabu. Ilikuwa sehemu kubwa ya korosho zake za msimu uliopita, zile alizopanga kuzigeuza bati.

Siku hiyo ndipo nilipoelewa kwamba sisi tulikuwa na bima kabla ya neno bima. Bima yetu inaitwa mjomba.

Ni bima nzuri. Haina fomu wala muda wa kusubiri, na haikuulizi ulikuwa unaumwa tangu lini. Lakini ukiikagua kwa jicho la mwandishi wa habari, ina matatizo mawili. La kwanza, mfuko ni mdogo. Mjomba wetu ana wapwa tisa. Miguu miwili ikivunjika mwaka mmoja, mfuko umefilisika, na bati halipandi. La pili ni zito zaidi: wachangiaji wote wanategemea kitu kimoja. Korosho ikipanda, mjomba ana hela, shangazi ana hela, kijiwe kina abiria. Korosho ikianguka, wote wanaanguka siku moja. Msimu wa 2018/19, serikali iliponunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na wakulima wengi wakayasubiri malipo kwa muda mrefu, Kusini nzima ilikuwa inasubiri. Mwaka kama huo ukivunjika mguu, nani atamchangia nani? Bima yenye nguvu ni ile ambayo mkulima wa korosho wa Masasi, mvuvi wa Mwanza na karani wa Dodoma wako kwenye kapu moja, kwa sababu haiwezekani wote wapate mwaka mbaya pamoja.

*

Mguu ulipoanza kupona nilikaa na mdogo wangu barazani, nikiwa na daftari kama vile namhoji waziri. Nilitaka achague bima. Yeye alitaka kulala.

"Dada," akasema, "hela ya bima usipougua si imeliwa?"

Nikamuuliza pikipiki ina bima.

"Inayo. Bima ndogo."

"Unalipa kila mwaka?"

"Kila mwaka. Tajiri akichelewa, nalipa mimi."

"Umeshawahi kumgonga mtu?"

"Mungu apishe mbali."

"Basi hela yako imeliwa miaka yote hiyo."

Akacheka, halafu akasema neno ambalo nimekaa nalo muda mrefu. "Ile ni kwa sababu ya trafiki."

Hapo ndipo palipo na jambo lote. Kisheria, chombo cha moto hakiruhusiwi kuwa barabarani bila walau bima ndogo, ile inayomlinda mtu wa tatu. Ukimgonga mpita njia, bima ipo. Lakini kwa mguu wa dereva mwenyewe, ile bima ndogo haina habari naye. Trafiki akikusimamisha Nanganga atauliza leseni, atauliza bima ya pikipiki, atatazama kofia. Hatauliza kama aliyekaa juu ya pikipiki ana bima. Kwa hiyo kijana wa miaka 21 anajua kabisa bima ni nini, anailipia kila mwaka bila kukosa, ila ni ya chuma.

Neno lenyewe tumelipata kwa majirani zetu wa Bahari ya Hindi. Wahindi nao wanasema bima, na kwa Kiajemi *bim* ni hofu. Sijui neno linalofaa zaidi. Mdogo wangu analipa kwa kuhofia trafiki. Baba alilipa kwa sababu hakuulizwa, mshahara ulikatwa kabla haujamfikia. Anayelipa kwa kuhofia ugonjwa ni nadra kumpata akiwa na miaka 21, na mara nyingi huyo tayari anaumwa.

Hilo la mwisho ndilo linaloiua mifuko. Mfano ni Toto Afya Kadi. Ilikuwa shilingi 50,400 kwa mtoto kwa mwaka, wazazi wakaipenda. Mwaka 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja ukasitishwa, na maelezo yaliyotolewa yalikuwa kwamba walioandikishwa wengi ni watoto ambao tayari ni wagonjwa. Wazima walibaki nyumbani. Mzazi aliyeandikisha mtoto mgonjwa hana kosa hata kidogo, mimi ningefanya hivyohivyo. Lakini kapu ambalo watu wote wanachota na hakuna anayetia, hata ukiliombea litaisha.

*

Haya, kwa hiyo kijana aliyetoka kwenye kadi ya baba ana milango gani? Nilimwandikia mdogo wangu kwenye daftari, nanyi nawaandikia hapa. Bei hubadilika, kwa hiyo kabla ya kulipa ulizeni ofisini.

Mlango wa kwanza ni ajira rasmi. Ukiajiriwa serikalini unaingia NHIF moja kwa moja. Sekta binafsi inategemea mwajiri. Mlango mzuri, tatizo ni foleni.

Mlango wa pili ni vifurushi vya hiari vya NHIF. Novemba 2019 vilianza vitatu: Najali Afya, Wekeza Afya na Timiza Afya. Kwa kijana wa miaka 18 hadi 35 cha chini kilianzia shilingi 192,000 kwa mwaka. Baadaye vikaja vingine, Ngorongoro Afya na Serengeti Afya. Kwa anayepokea kila mwezi, si hela ya kutisha. Kwa anayepeleka hesabu kwa tajiri kila jioni, kuitoa yote kwa mkupuo ni shughuli.

Mlango wa tatu ni kundi. NHIF iliwahi kuwatengenezea wakulima mpango wa Ushirika Afya kupitia vyama vya ushirika, korosho ikiwemo, kwa mchango mdogo kuliko wa mtu aliyejiunga peke yake. Akili yake ni ileile ya kapu: chama kizima kikiingia, wazima na wagonjwa wanaingia pamoja. Vijiwe vya bodaboda, vyenye mwenyekiti, katibu na daftari la michango, vinaweza kufikiri hivyohivyo.

Mlango wa nne ni CHF iliyoboreshwa, ile iliyoanza 2018. Huku mikoani ilikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya isiyozidi watu sita, unaanzia zahanati na kwa rufaa unafika hospitali ya mkoa. Hospitali ya kanda na ya taifa hazimo. Lawama yake kubwa inajulikana: unafika na kadi, unaandikiwa dawa, unaambiwa kanunue nje. Lawama hiyo nimeisikia katika wilaya nyingi mno kuidharau, na ndiyo inayowafanya vijana waseme hela imeliwa.

Mlango wa tano ni kampuni binafsi, ambazo nyingi zinatazama waajiri na watu wa mijini.

Na juu ya milango yote sasa kuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Bunge liliipitisha Novemba 2023, wakati ambapo serikali yenyewe ilikuwa inasema wenye bima ni takriban asilimia 15 tu ya Watanzania. Sheria inataka kila mkazi awe na bima na inaweka utaratibu wa kuwalipia wasio na uwezo. Ukiisoma kwa jicho la mdogo wangu, sheria hii inamleta trafiki wa afya. Itafaulu au haitafaulu kwa kitu kimoja: siku kijana atakapofika dirishani na kadi yake, dawa iwepo.

Wenzetu nao wanapambana na swali hilihili. Wakenya Oktoba 2024 waliiacha NHIF yao, wakaingia mfumo mpya unaotoza asilimia 2.75 ya kipato, na kwa wasio na mshahara wakaanza mabishano ya namna ya kukijua kipato chao. Marekani, tangu sheria ya 2010, mtoto anaweza kubaki kwenye bima ya mzazi hadi miaka 26, na siku hiyo ya kuzaliwa huko inaogopwa kama mtihani. Kumbe kila nchi ina umri wake wa kumwambia kijana hayupo.

*

Nilimuuliza mdogo wangu swali moja la mwisho. Kijijini kuna chama cha kuzikana. Kila msiba ukitokea, kila kaya inatoa mchango wake, na asiyetoa anajua siku yake itakuwaje. Yeye anatoa. Nikamuuliza, mbona hujawahi kusema usipokufa hela imeliwa?

Akafikiri. "Kule jeneza naliona," akasema.

Sina jibu zuri zaidi ya hilo, na nimezungumza na wataalamu wa bima wenye tai. Watu wa huku si wagumu wa kuchanga. Tunachanga kwenye harusi, kwenye msiba, kwenye ada ya mtoto wa jirani. Tunachanga kwa kinachoonekana. Bima inamtaka mtu achangie jeneza la mtu asiyemwona, kabla hajafa, ili asife. Kuomba imani ya namna hiyo halafu dawa ikakosekana dirishani ni kama kuchangisha msiba na jeneza lisionekane.

Jambo lingine alilolisema ni la kalenda. Februari hana hata elfu tano ya ziada. Novemba, minada ya korosho ikiwa imeshika kasi, kila mtu barabarani ana safari na mfuko wake unalia. Waandikishaji wa bima wanaofika kijijini Machi wanaambiwa tutaona. Wangekaa pale chama cha msingi siku ya malipo ya mnada, wangeondoka na nusu ya kata. Naandika hili makusudi, labda kuna mwenye mamlaka anayesoma insha.

Novemba iliyofuata mdogo wangu alilipa shilingi 30,000 za CHF. Alichagua hiyo kwa sababu mbili. Aliweza kuilipa kwa siku moja bila kumkopa mtu, na ilikuwa na nafasi sita. Baba na mama wana kadi yao ya ustaafu, kwa hiyo aliandika kaya yake mwenyewe: yeye mkuu wa kaya, watoto wawili wa dada yetu wanaolelewa pale nyumbani, na bibi.

Mwandikishaji alikuja na simu kupiga picha. Bibi alibadili khanga kwanza, akajifunga kilemba, akakaa kwenye kiti cha plastiki uani. Akauliza kadi hii ni ya nani. Akaambiwa ni ya mjukuu, yeye ndiye mchangiaji, wewe bibi umeandikwa mtegemezi wake.

Bibi akamtazama mdogo wangu, aliyekuwa ameegemea gongo lake mlangoni.

"Mimi mtegemezi wako?"

"Ndiyo, bibi."

"Haya," akasema, akanyoosha mgongo. "Basi mwambie huyu kijana anipige vizuri. Ile ya baba yako nilinuna."